Likizo Ndefu Chuoni: Mwongozo wa Habari na Shughuli za Kijamii kwa Wafanyakazi wa Vyuo Vikuu, Kitui na Makueni

Mabweni yanapofungwa mwishoni mwa muhula wa pili, kazi ya chuo kikuu haisimami, kwa kuwa wahadhiri bado wana mitihani ya kusahihisha, makarani wa usajili wana matokeo ya kuingiza, mafundi wana mapaa ya kuziba kabla ya mvua za Oktoba, na walinzi wana lango lile lile la kulinda. Kipindi hicho, kiitwacho likizo ndefu, yaani miezi iliyo kati ya kumalizika kwa mwaka mmoja wa masomo na kufunguliwa kwa mwingine yapata Septemba, ndicho kinachowapa wafanyakazi nafasi ya kukutana bila haraka ya vipindi. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mratibu, neno linalotumiwa hapa kwa maana ya mtu au kamati yoyote iliyokabidhiwa jukumu la kupanga shughuli za pamoja za wafanyakazi na kueneza habari zake katika kaunti za Kitui na Makueni. Msimamo wake ni kwamba habari na shughuli ni kazi moja: shughuli huwa ya wafanyakazi wote pale tu tangazo lake linapomfikia mlinzi wa usiku mapema kama linavyomfikia mkuu wa idara.

Kuifahamu hadhira

Taasisi kubwa zaidi ya elimu ya juu katika eneo hili ni Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, ambacho makao yake makuu yako Kwa Vonza, Kitui, na ambacho kilipewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2013 baada ya kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi tangu 2008, juu ya msingi wa iliyokuwa taasisi ya kilimo ya Ukambani. Vipo pia Kampasi ya Kitui ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kituo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kilichoko Kibwezi kinachoshughulikia kilimo cha nchi kavu, na Chuo Kikuu cha Lukenya, ambacho ni cha kibinafsi, upande wa Makueni. Wafanyakazi wa taasisi za namna hii hawakai mahali pamoja: wengine hulala karibu na chuo, wengine husafiri kila siku kutoka Kitui mjini au Wote, na wengine huacha familia zao Nairobi au Machakos na kuzirudia mwisho wa juma.

Mbali na umbali, kuna mgawanyiko wa madaraja. Wahadhiri wengi wa vyuo vya umma huwakilishwa na chama cha UASU, wafanyakazi wa utawala na ufundi na KUSU, na wale wa jikoni, mabweni na usafi na KUDHEIHA, kila chama kikiwa na viongozi wake na njia zake za kupashana habari. Tena, katika taasisi nyingi walinzi na wasafishaji huajiriwa na kampuni iliyopewa kandarasi, si na chuo chenyewe. Swali la kwanza ambalo mratibu hana budi kulijibu kwa maandishi, kabla ya kutaja tarehe wala mbuzi, ni kama watu wa kandarasi ni miongoni mwa walioalikwa. Swali hilo likiachwa hewani, watu hao ndio watakaopanga viti na kuosha sahani katika sherehe iliyotangazwa kuwa ya wote.

Kuchagua tarehe

Miezi ambayo Ulaya na Marekani ni ya joto, yaani Juni, Julai na Agosti, kwa Ukambani ni ya kipupwe, msimu mkavu wenye baridi ya asubuhi na jioni, hasa katika milima ya Mbooni na Kilungu ambako ukungu huchelewa kuondoka. Faida ya msimu huu ni kwamba mvua za Machi hadi Mei zimekwisha, njia za vumbi zinapitika na mito ya msimu imekauka, ilhali mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo wakulima wa eneo hili huzitegemea zaidi, bado hazijafika. Shughuli ya nje ikipangwa kuanzia saa nne asubuhi na kumalizika kabla ya saa kumi na moja jioni, huepuka baridi ya pande zote mbili. Hema nalo huhitajika kwa sababu ya jua la adhuhuri na upepo wenye vumbi.

Hata hivyo hali ya hewa ni kigezo kimoja tu, na tarehe nzuri ni ile iliyopimwa kwa vigezo vitano vifuatavyo.

1. *Kalenda ya masomo.* Tarehe isitangazwe kabla ya kuthibitisha kalenda iliyoidhinishwa na seneti, yaani baraza kuu la taaluma la chuo. Mgomo wa wafanyakazi wa vyuo vya umma ulioanza katikati ya Septemba 2025 na kumalizika mapema Novemba mwaka huo uliwafundisha wengi kwamba mihula husogea, na likizo ikasogea nayo. Ikumbukwe pia kwamba Agosti ni mwezi ambao walimu wa shule huja chuoni kusoma wakati shule zimefungwa, kwa hiyo baadhi ya wahadhiri huwa na vipindi kutwa nzima.

2. *Shule za watoto.* Siku ya familia haina maana watoto wakiwa darasani. Likizo ya shule ya Agosti huanza mapema mwezi huo na kudumu majuma machache, na Jumamosi zake ndizo zinazofaa zaidi.

3. *Ibada.* Jumamosi huwaacha nje Waadventista wa Sabato, Jumapili huwaacha nje Wakristo wengine, na mchana wa Ijumaa ni wa swala ya jamaa kwa Waislamu. Kwa kuwa hakuna siku inayomfaa kila mtu, ni haki siku zibadilishwe kati ya shughuli moja na nyingine, au itumiwe sikukuu ya kitaifa kama Madaraka, tarehe 1 Juni.

4. *Mshahara.* Michango ikusanywe kidogo kidogo mwishoni mwa Juni na Julai, kwa kuwa mwishoni mwa Agosti wazazi hutafuta karo ya muhula wa tatu.

5. *Likizo za watu.* Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mfanyakazi likizo ya kila mwaka isiyopungua siku 21 za kazi pamoja na mshahara kamili, na wengi huichukua katika miezi hii. Idara ya rasilimali watu inaweza kueleza ni majuma gani yana watu wachache kazini bila kumtaja yeyote kwa jina.

Kipo kigezo kingine kisichopangika, nacho ni msiba. Mfanyakazi akifariki au akifiwa na mtu wa karibu, mazishi huweza kuangukia siku ile ile ya sherehe. Kamati iweke kanuni mapema kuhusu msiba gani huahirisha shughuli na upi huifupisha, ili uamuzi usitegemee cheo cha aliyefiwa.

Kamati na fedha

Kamati ya watu saba hadi tisa inatosha, mradi kila chama cha wafanyakazi, kila kampasi na kundi la kandarasi liwe na mjumbe. Mwenyekiti, mwandishi na mweka hazina watoke katika madaraja tofauti, kwa maana kamati iliyojaa wahadhiri hupanga mambo kwa saa za wahadhiri.

Fedha za shughuli hutoka kwenye vyanzo vitatu: bajeti ya chuo, mfuko wa chama cha kusaidiana, na mchango wa mtu binafsi. Chama cha kusaidiana, ambacho wengi hukiita welfea, ni umoja wa wafanyakazi wanaochanga kila mwezi ili kufaana katika harusi, uzazi, ugonjwa na msiba. Fedha zake zisitumiwe kwa karamu isipokuwa katiba ya chama inaruhusu na wanachama wamekubali katika mkutano. Mchango ukikatwa kwenye mshahara, mfanyakazi awe ameridhia kwa maandishi, na ikumbukwe kwamba Sheria ya Ajira hairuhusu jumla ya makato kuzidi theluthi mbili ya mshahara. Mwenye mkopo wa SACCO huenda amekwisha kuufikia mpaka huo, hivyo apewe njia ya kulipa kwa M-Pesa kwa mafungu madogo, au asilipe kabisa bila kuulizwa sababu mbele ya watu.

Harambee nayo ina mipaka yake. Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003 ilikataza kuigeuza ofisi ya umma kuwa mahali pa kuchangisha, na pia kutumia cheo kumshinikiza mtu atoe. Katiba ya chama cha kusaidiana inafaa kuishika kanuni hiyo kama yake: orodha ya waliotoa na kiasi walichotoa isibandikwe ukutani, na mkuu wa idara asiwe ndiye mkusanyaji.

Habari: nini kitangazwe na kwa njia gani

Habari za likizo ndefu ni za aina tatu. Ya kwanza ni habari za utumishi, kama vile kupandishwa cheo, kuhamishwa, kustaafu na saa mpya za maktaba au zahanati ya chuo. Ya pili ni habari za maisha, yaani ndoa, kuzaliwa kwa mtoto, kuhitimu, ugonjwa na kifo. Ya tatu ni habari za shughuli zenyewe. Aina ya kwanza hutoka kwa msajili pekee, kwa waraka rasmi wenye nambari. Ya pili hutoka kwa mhusika au jamaa zake, wala haitangazwi bila idhini yao. Ya tatu ndiyo ya kamati. Mengi ya manung'uniko kuhusu habari chuoni hutokana na kuchanganya aina hizi, kwa mfano ugonjwa wa mtu kutangazwa kwenye kundi la WhatsApp kabla ya nyumbani kwake kujua.

Njia ya kutangaza ichaguliwe kwa kumfikiria asiyekaa mezani. Barua pepe humfikia karani na mhadhiri. Mtunza bustani, mpishi na dereva hufikiwa na karatasi iliyobandikwa pale wanapoweka sahihi asubuhi, na tangazo la mdomo la msimamizi wao wanapobadilishana zamu. Kundi la WhatsApp husaidia, ila ujumbe wa asubuhi huzikwa na salamu kufikia mchana, kwa hiyo kundi la matangazo liwe lile ambalo wasimamizi pekee huandika. Kwa wastaafu na jamaa walioko vijijini, redio za Kikamba kama Musyi FM na Mbaitu FM husikika mbali kuliko waraka wowote, hasa kwa matangazo ya mazishi.

Tangazo zuri hujibu maswali yote ya msomaji kwa pumzi moja. Mfano ufuatao unaweza kubadilishwa kulingana na hali:

*"Wafanyakazi wote wa kampasi zote, wakiwemo walioajiriwa kupitia kampuni za kandarasi, wanaalikwa katika Siku ya Familia itakayofanyika Jumamosi ya pili ya Agosti, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, katika uwanja wa michezo wa kampasi kuu. Kila mfanyakazi anaweza kuja na mwenzi na watoto. Basi litaondoka Wote saa moja na nusu asubuhi na Kitui mjini saa mbili na nusu, na litarudi saa kumi na nusu jioni. Chakula na maji vitatolewa bila malipo. Asiyekula nyama amweleze mwandishi wa kamati kabla ya mwisho wa Julai. Walio zamu siku hiyo watatengewa chakula na watapewa siku nyingine ya mapumziko."*

Sentensi ya mwisho ndiyo inayosahauliwa mara nyingi, nayo ndiyo inayomwambia mlinzi kwamba alifikiriwa. Tangazo la kwanza litoke majuma sita kabla, la pili majuma mawili kabla, na la tatu siku mbili kabla likiwa na saa za basi tu. Liandikwe kwa Kiswahili na Kiingereza, na msimamizi alieleze kwa Kikamba pale inapohitajika, bila kusahau kwamba si kila mfanyakazi ni Mkamba.

Shughuli zinazolifaa eneo hili

*Siku ya familia na michezo.* Kandanda na voliboli huvuta watazamaji wengi lakini wachezaji wachache, kwa hiyo ziongezewe kuvuta kamba, mbio za magunia, bao na drafti. Timu zichanganye idara, mhasibu na fundi bomba wakiwa upande mmoja, kwa sababu timu za idara huendeleza mipaka ile ile ya ofisini. Kikundi cha ngoma cha wenyeji kikialikwa, kilipwe kama msanii mwingine yeyote.

*Ziara ya karibu.* Mwamba wa Nzambani, ulio kilomita chache kutoka Kitui mjini, hupandwa kwa ngazi za chuma zilizofungwa ubavuni mwake, na masimulizi ya wenyeji husema kwamba anayeuzunguka mara saba hubadilika jinsia. Ngazi hizo ni kali, kwa hiyo mratibu apange simulizi na chakula chini ya mwamba kwa wazee, wajawazito na wenye ulemavu wa viungo, ili wasikae tu wakilinda mikoba ya wenzao. Wapenda historia wanaweza kuelezwa habari za Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mashuhuri wa Kitui aliyekuwa mwenyeji wa mmisionari Johann Ludwig Krapf, ambaye aliuona Mlima Kenya kutoka nchi hiyo mwaka 1849.

*Ziara ya mbali.* Barabara ya lami kutoka Kitui kupitia Mutomo na Ikutha hadi Kibwezi imeurahisisha upande wa kusini, ambako kuna Milima ya Chyulu na, kupitia lango la Mtito Andei, mbuga ya Tsavo Magharibi. Ada za mbuga za Shirika la Huduma kwa Wanyamapori hulipwa kwa mtandao kabla ya kufika langoni, na kitambulisho cha taifa huhitajika ili kupata bei ya raia. Wanaotoka Nairobi wanaweza kupanda treni ya reli ya kisasa, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 na yenye vituo Emali, Kibwezi na Mtito Andei, mradi tiketi zikatwe mapema. Njiani, hekalu la Masingasinga la Makindu, lililojengwa mwaka 1926, hukirimu wasafiri chakula bila malipo. Kundi kubwa litume taarifa mapema, na kila mgeni avue viatu, afunike kichwa na asiingie na tumbaku wala pombe. Sadaka si sharti, ila ni adabu.

*Mwethya.* Hili ni jina la Kikamba la kundi la majirani wanaofanya kazi kwa pamoja, leo kwa huyu kesho kwa yule, nalo ni msingi unaofaa kwa siku ya kujitolea. Kazi inayoafiki msimu ni bwawa la mchanga, yaani ukuta wa mawe na saruji unaojengwa juu ya mwamba kukatiza mto wa msimu. Mafuriko yanapokuja hubeba mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hubaki katikati ya chembe za mchanga huo ambako jua haliyakaushi upesi. Wakati wa kiangazi wenyeji huchimba kisima kifupi au hufunga pampu na kuyateka. Kwa kuwa ukuta hujengwa mto ukiwa mkavu, Julai na Agosti ni wakati wake. Mratibu awasiliane kwanza na chifu na kamati ya maji ya kijiji, aulize ni kazi gani inayohitajika, na akubali kwamba huenda wafanyakazi wa chuo wakapangiwa kusomba mawe tu, kwa kuwa uashi una wenyewe.

*Kuwaaga wastaafu.* Hafla hii iwe fupi na ya wote kwa pamoja, profesa na mpishi wakiketi safu moja na kupewa zawadi ya thamani moja. Wasifu wa kila mmoja usomwe na mtu aliyefanya kazi naye, wala usizidi dakika tano.

Safari, chakula na mwenendo

Basi la chuo huombwa kwa maandishi, na dereva abebe hati ya ruhusa ya safari inayotaja njia na orodha ya abiria. Gari la kukodi likaguliwe bima, leseni ya kubeba abiria na mikanda ya viti. Safari ya kurudi ipangwe imalizike kabla ya giza, kwa maana barabara ya Mombasa hujaa malori usiku, na mifugo huvuka njia za Kitui bila onyo. Sanduku la huduma ya kwanza na mtu aliyefunzwa kulitumia wawepo, na waraka ueleze wazi kama shughuli ni ya kikazi au ya hiari, kwa sababu jibu hilo huathiri madai ya fidia ajali ikitokea.

Kuhusu chakula, muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupikwa pamoja na maharagwe au mbaazi, hushibisha watu wengi kwa gharama ndogo na humfaa asiyekula nyama. Mbuzi wachinjwe na Mwislamu ili kila mtu aweze kula bila wasiwasi, na ndengu, sukuma wiki na machungwa ya Makueni, ambayo huiva katikati ya mwaka, zinunuliwe kwa wakulima wa karibu. Pombe isigharimiwe na mfuko wa pamoja, kwa kuwa makanisa mengi ya eneo hili huikataza na mchango ni wa wote.

Kanuni za kazini haziishi langoni mwa chuo. Sheria ya Ajira humtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na taarifa ya sera dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na kamati inafaa kuwakumbusha watu kwamba sera hiyo inahusu pia basi, hema na uwanja wa dansi, kisha itaje mwanamke mmoja na mwanamume mmoja wa kupokea malalamiko siku hiyo. Vilevile, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 huhitaji ridhaa, au msingi mwingine wa kisheria, kabla ya kutumia taarifa za mtu, zikiwemo picha zake, na picha za watoto huhitaji ridhaa ya mzazi. Njia nyepesi ni kugawa utepe wa rangi moja kwa wasiotaka kupigwa picha na kumwagiza mpiga picha awaepuke.

Baada ya shughuli

Ndani ya siku kumi na nne kamati itoe ripoti ya ukurasa mmoja yenye mapato, matumizi na salio, pamoja na hesabu ya waliohudhuria kwa kila kampasi na kila daraja. Hesabu hiyo ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mwaka unaofuata: kampasi ya mbali ikiwa haikuleta mtu, itazamwe kwanza saa ya basi, wasafishaji wakiwa hawakufika, itazamwe ratiba ya zamu na mahali tangazo lilipobandikwa, na wahadhiri wakiwa wachache, itazamwe kalenda ya mitihani. Ripoti ibandikwe mahali pale pale matangazo yalipobandikwa, isomwe kwa mdomo kwa wale waliotangaziwa kwa mdomo, na ikabidhiwe kamati mpya kabla ya muhula wa Septemba kufunguliwa, ili upangaji wa likizo inayofuata uanze na majina ya waliokosekana.